Matofaa ya Mama Mkwe

Jumatatu, 4 Agosti 2025

Leo nimewahi kiti. Asubuhi na mapema! Masese alipofika nilikuwa tayari nimekaa, miguu mezani, nazunguka polepole kama mkurugenzi.

Niseme ukweli kuhusu kiti hiki. Ni cha ngozi, kina magurudumu, kinazunguka pande zote. Gesare, mke wangu na mwenye kiwanda, alikinunua Kisii mjini akasema ni cha meneja. Tatizo ni moja. Meneja hajateuliwa. Kuna mimi, Jasper Omwenga, mume halali wa mwenye mali. Na kuna Masese, binamu yangu, mpishi wa bia, mtu wa kununa na kunusa mapipa. Nikitoka kwenda haja, nikirudi namkuta amekalia. Anajifanya anasoma ujumbe kwenye simu.

Kiwanda chenyewe ni kidogo, hapa Keumbu, nyuma ya duka la mbolea. Tunapika bia ya shayiri siku tano kwa wiki. Jumamosi tunafunga kwa sababu mama yake Gesare ni Msabato. Jumapili tunafunga kwa sababu mama yangu ni Mkatoliki. Mama yangu angalau hunywa. Mama mkwe hajawahi kukanyaga hapa. Akipita Keumbu na gari, hugeuza uso upande wa pili wa barabara mpaka atupite.

Sasa, habari kubwa. Ijumaa nilipeleka bia kwenye hoteli moja mjini. Dada mmoja mgeni, wa miwani mikubwa, aliniuliza kama tuna kinywaji kisicho na gluteni. Nikamjibu bila kupepesa kwamba kiko njiani. Kisha nikaenda chooni kuuliza simu gluteni ni nini. Kumbe ni kitu kilichomo ndani ya ngano na shayiri, na matumbo ya watu wengine hayakitaki. Bia yetu imejaa gluteni! Lakini saida, pombe ya matofaa, haina hata chembe. Nikasimama pale chooni nikaona maisha yangu yote yakifunguka.

Nimemweleza Gesare jioni. Amesema hawezi kuamua njaa ikimuuma. Baada ya kula amesema Masese naye ana ombi lake, anataka mtambo wa kupoza bia. Kiwanda hakiwezi kubeba mambo mawili kwa mpigo. Basi Jumapili ya tarehe kumi na saba tukutane, tuonje, aamue. Atakayeshinda akalie kiti. Atakayeshindwa aoshe mapipa na mitungi.

Kuosha mapipa! Mimi! Nilicheka mpaka nikakohoa.

Jumanne, 5 Agosti

Utafiti wa soko. Nimezunguka Keumbu nzima na kalamu sikioni, kwa sababu mtu mwenye kalamu sikioni hujibiwa.

Dereva mmoja wa bodaboda aliuliza kama tumetoa kitu ndani ya kinywaji, basi bei inashuka kiasi gani. Mama wa ndizi alisema yeye hajui gluteni lakini kama ni ya bure nimwekee. Jamaa mmoja aliyeshuka kutoka Ogembo na gunia la mahindi alinisikiliza kwa makini sana, akasema yeye ni mtu wa kazi ngumu, niiweke gluteni yote, nisipunguze.

Nimeandika kwamba soko limeonyesha hamu kubwa.

Masese amesema hapa Keumbu hakuna binadamu aliyewahi kuuliza habari ya gluteni tangu dunia iumbwe. Nikamwambia wivu utamuua. Akasema matofaa nitayatoa wapi, Kisii hii ya ndizi na chai? Hapo nikatabasamu. Matofaa ninayajua yaliko.

Jumatano, 6 Agosti

Nimerudi kutoka Nyamira, kwa mama mkwe. Moyo unanidunda bado.

Mama mkwe aling'oa kipande cha chai miaka ile akapanda matofaa, kwa ushauri wa kijana fulani aliyekuwa anauza miche. Yamezaa. Ni madogo, magumu, machachu kupita maelezo. Ng'ombe wake aliyaonja akamtazama mama mkwe kwa lawama. Hakuna anayeyanunua. Ndiyo hasa matofaa yanayofaa kwa saida! Nimesoma.

Lakini kumwomba! Hapa ndipo penye kazi. Kwetu kuna ensoni, heshima ya mkwe. Mama mkwe humshiki mkono. Humtazami machoni. Humtanii. Humpingi. Anachosema ndicho kilichosemwa. Nilikaa kwenye ukingo wa kiti, nimegeukia dirishani, nazungumza na pazia. Nikasema naomba matofaa, mama. Akauliza ya nini. Sasa mimi nitamke neno pombe mbele ya mama mkwe, shemasi wa kanisa, akiwa na kitambaa cheupe kichwani? Bora ardhi ipasuke niingie. Nikaliambia pazia kwamba ni ya kutengenezea kinywaji.

Akauliza kama ni kinywaji cha matofaa matupu. Nikasema matupu, mama. Akauliza kama ni kule kule kwa Gesare. Nikasema kule kule.

Lo! Aliinua mikono juu. Akasema miaka yote hii ameomba, na leo Bwana amejibu. Mkwe wake ameacha pombe, anatengeneza juisi! Akaomba hapo hapo, ombi refu, jina langu likitajwa kwa machozi. Mwishoni nikasema amina. Ningesema nini? Ukimpinga mama mkwe katikati ya maombi, umevunja ensoni na kutenda dhambi kwa pamoja.

Nimerudi na magunia ya matofaa mpaka pikipiki iliinama. Kazi imefanyika. Hilo la juisi litajisahau lenyewe.

Alhamisi, 7 Agosti

Tumekamua. Tuseme nimekamua. Masese alisimama mlangoni amekunja mikono. Akasema nilioshe pipa vizuri, uchafu ukibaki huharibu pombe. Nikaliosha mbele ya macho yake, kwa sabuni, kwa maji moto, mara mbili, ili akose la kusema. Pipa liling'aa. Hata juisi yenyewe niliichemsha.

Kuhusu hamira, ile inayogeuza juisi ikawa pombe, sikutaka msaada wake. Ina maana amefundishwa na nani? Mimi nimesoma kwenye simu. Wanasema hamira inaamshwa kwa maji vuguvugu. Nikafikiria: kama vuguvugu linaamsha, yanayochemka si yataamsha zaidi? Nikaimwagia maji yaliyotoka motoni yakiruka. Ikatoa harufu kidogo, ikatulia. Nikaitia pipani, nikafunika.

Nilichapisha pia lebo mjini. Nzuri ajabu! Tofaa jekundu, na herufi kubwa: HAINA GLUTENI. Chini kabisa, kwa herufi ndogo kama sisimizi, ina kileo. Sheria ni sheria. Lakini hakuna sheria inayosema sisimizi awe na ukubwa gani.

Jumapili, 10 Agosti

Tumefunga leo, lakini tumepita kuangalia mapipa. Pipa la Masese la bia linanguruma kama tumbo la mtu aliyekula maharagwe. Langu limenyamaza. Kimya kabisa. Masese ameweka sikio, akatikisa kichwa, akaenda zake. Wivu.

Saida ni kinywaji cha watu wastaarabu. Haipigi kelele.

Jumatatu, 11 Agosti

Kimenuka.

Gesare ameingia ofisini na simu mkononi, macho mekundu. Akaniuliza nimemwambia nini mama yake. Nikamwuliza mama yupi. Nikajua papo hapo kwamba hilo lilikuwa swali baya.

Mama mkwe amempigia akilia kwa furaha. Amesema tangu kiwanda kifunguliwe hajawahi kulala akiwa na amani juu ya mwanawe. Sasa analala. Wiki hii ni makambi, mkutano mkubwa wa kanisa, watu wanatoka Nyamira yote. Amewatangazia kwamba mkwe wake ameokoka kutoka kwenye bia. Kanisa limeomba nilete kinywaji hicho kwa chakula cha mchana cha Sabato. Na nitoe ushuhuda!

Nikamwambia Gesare ampigie amweleze. Gesare akasema nimweleze mwenyewe, domo ni langu. Nikamkumbusha ensoni. Akakaa kwenye mtungi uliopinduliwa. Kisha akasema jambo ambalo sikulitarajia. Akasema mama yake akigeuza uso pale barabarani, yeye huwa anaona. Anasimama dirishani na kuona. Kila mara. Na leo kwa mara ya kwanza mama amesema labda atakuja kupaona.

Nilimhurumia kweli. Nilitaka hata kumshika bega.

Halafu akasimama akasema nikimwaibisha mama yake mbele ya makambi, Jumapili nisijisumbue kuja na pipa langu. Nije na brashi.

Jumatano, 13 Agosti

Nina akili! Nashangaa wengine hawaoni.

Hesabu ni rahisi. Mama mkwe anataka juisi, nampa juisi. Gesare anataka saida, nampa saida. Matofaa yamebaki gunia zima. Nakamua leo, bila hamira, bila chochote, natia kwenye mitungi, napeleka Nyamira. Sabato wanakunywa juisi safi, natoa ushuhuda mfupi, kila neno kweli ukiliangalia kwa upande. Jumapili naonjesha saida, nakalia kiti. Hakuna atakayedanganyika. Angalau si sana.

Shida ilikuwa mitungi. Ile mizuri ya plastiki ya njano Masese aliijaza mashapo ya bia, ule uji mzito unaobaki chini ya pipa. Ameuweka kwenye kona, ameufunika kwa kitambaa kama mtoto mchanga. Anasema ndimo hamira yake inamoishi. Uji! Nimeumwaga kwenye migomba nyuma ya choo. Nikasuuza mitungi mara moja kwa maji baridi, kwa sababu kuni kavu nilizimalizia kwenye lile pipa langu na zilizobaki zilikuwa zimelowa. Nikatia juisi. Nikafunga vifuniko kwa nguvu zangu zote ili isimwagike njiani.

Lebo nimebandika zile zile. Kwa kuwa hii ni juisi, nimechukua mkasi nikakata sehemu ya chini yenye sisimizi. Mimi ni mtu wa ukweli.

Masese ametafuta mashapo yake mchana kutwa. Nimemwambia nimeona kuku.

Ijumaa, 15 Agosti

Nimefikisha mitungi Nyamira kabla jua halijazama. Ilibidi. Jua likizama Sabato imeingia, hakuna kubeba mzigo, hakuna kufungua kazi, mpaka kesho jua lizame tena. Mama mkwe aliipokea mitungi kwa mikono miwili kama sadaka. Akaiweka mbele kabisa ya hema, kwenye meza yenye kitambaa cheupe, ili kila anayeingia aone. Akasema isiguswe mpaka kesho mchana.

Kuna mzee mmoja, Mzee Anyona, mwalimu mstaafu, kiongozi wa idara ya afya kanisani. Alisoma lebo kwa kuvaa miwani, kisha bila miwani. Akaniambia amefurahi mno. Akasema kanisa limepinga vileo, limepinga nguruwe, limepinga majani ya chai, lakini hili la gluteni lilikuwa limewapita. Akaomba nikamfundishe. Nikamwambia ni kitu kibaya sana. Akaandika.

Nimelala kwa mama mkwe, chumba cha mbali. Kesho ushuhuda. Keshokutwa kiti.

Jumamosi, 16 Agosti

Sijui nianzie wapi. Obe!

Jua la leo lilikuwa kali tangu asubuhi, na hema letu ni la turubai la bluu, ndani joto kama jikoni. Mama mkwe alinikalisha mbele, safu ya kwanza, mbele ya meza. Yeye mwenyewe alikaa pembeni ya mitungi pamoja na mashemasi wenzake, wote mavazi meupe pepepe.

Wakati wa wimbo wa kwanza niliona mtungi wa kushoto umenenepa.

Nikasema macho yananidanganya. Wimbo wa pili, umenenepa na wa kulia. Ile mitungi ina mabega ya pembe, unajua. Pembe zilikuwa zimekwisha. Ilikuwa imeviringana kama mimba. Wa katikati ulianza kuyumba wenyewe juu ya meza, taratibu, mhubiri akizungumzia subira.

Nilijua. Sijui nilijuaje. Kilichohitajika ni kulegeza vifuniko tu. Lakini kufika pale nipite mbele ya mama mkwe, nimwinamie, mkono wangu upite karibu na bega lake, mbele ya kanisa lote! Mkwe! Nikajaribu kumwashiria kwa nyusi. Akadhani nimeguswa na neno. Akanitikisia kichwa kunitia moyo.

Nikamnong'oneza Mzee Anyona nyuma yangu kwamba ni vizuri mitungi ipumue kidogo. Akaninong'oneza kwamba ni Sabato, hata mitungi ipumzike.

Nikaitwa kwenye ushuhuda.

Nilizungumza haraka kuliko mtangazaji wa mpira. Nikasema naitwa Jasper, nilikuwa gizani, sasa niko kwenye matofaa, Mungu awabariki, tule. Nikageuka nikae. Mama mkwe akasema kwa sauti ya upole kwamba mkwe wake asione haya, aeleze vizuri jinsi alivyoachana na pombe. Amesema. Ningempinga? Nikarudi mbele. Nikanyoosha mkono kuelekea kwenye mitungi. Nikasema mbele ya Nyamira nzima kwamba kinywaji hiki, ndugu zangu, hakina tone la pombe.

Mtungi wa kati ukalipuka.

Kifuniko kilipita juu ya kwaya. Povu likapanda mpaka kwenye turubai, likashuka. Wa kushoto ukafuata, kisha wa kulia, kama vile ilikuwa inasubiriana. Mashemasi waliloa. Mhubiri aliloa. Mama mkwe, aliyekuwa karibu zaidi, aliloa kuanzia kitambaa cha kichwa mpaka viatu, povu likimtiririka puani.

Halafu harufu. Hakuna Mgusii, awe wa kanisa gani, asiyeijua harufu ile. Hema lote lilivuta pumzi kwa pamoja.

Na mimi nilisimama hapo na kitambaa mkononi! Mtu yeyote mwenye utu angempangusa yule mama. Lakini mkwe hamgusi mama mkwe. Basi nikapangusa meza. Nilipangusa meza, nikapangusa tena, nikapangusa miguu ya meza. Aibu iliyonipata sijawahi kuipata, na nimewahi kuanguka kwenye shimo la choo siku ya posa yangu.

Mama mkwe alilamba mdomo. Bila kukusudia, naamini. Kisha akanitazama machoni. Machoni kabisa! Kwa mara ya kwanza tangu nimuoe bintiye. Akasema nikae chini.

Mzee Anyona aliinua mkono. Aliuliza kama gluteni ndiyo ilikuwa inashikilia vifuniko.

Jumapili, 17 Agosti

Nimekwenda kiwandani hata hivyo. Gesare alikuwa ameshapata habari zote, nadhani Kenya nzima ilikuwa imeshapata. Brashi ilikuwa mezani. Hakunisalimia. Uso wake haukuwa wa hasira, ulikuwa wa mtu aliyenyang'anywa kitu alichokuwa ameanza kukishika. Hilo liliniuma kuliko hasira.

Lakini saida bado ilikuwepo! Nikamsihi aonje tu, kisha anihukumu. Nikafungua pipa. Nikamimina glasi tatu.

Gesare akaonja. Masese akaonja. Wakatazamana. Masese akasema hii ni juisi.

Nikasema haiwezekani. Nikaonja. Juisi! Tamu na chachu, safi, baridi kutokana na sakafu, haina hata dalili ya pombe. Masese akaniuliza hamira niliitiaje. Nikamweleza. Akaziba macho kwa kiganja. Akasema hamira ni kitu hai, niliipika ikafa. Na kwa jinsi nilivyoichemsha juisi na kulisugua lile pipa, hakuna kiumbe chochote kingeweza kuishi humo.

Kisha akauliza, kwa sauti ya chini, juisi ya makambi niliitia kwenye mitungi gani. Nikasema ya njano. Akauliza mashapo yake yako wapi. Nikatazama migomba. Akakaa chini. Akasema kwa hiyo nilitia juisi kwenye mitungi iliyojaa hamira hai, nikaifunga, nikaiweka kwenye joto toka Ijumaa mpaka Sabato. Nimewapikia Wasabato saida. Saida nzuri, pengine. Na kwa kuwa yale mashapo ni ya bia ya shayiri, ilikuwa na gluteni pia.

Nikafikiria lebo yangu. Sehemu pekee iliyokuwa ya kweli ndiyo niliyoikata kwa mkasi.

Gesare alianza kutetemeka mabega. Nikadhani analia. Alikuwa anacheka! Alicheka mpaka akashika ukuta, na Masese naye, na mimi nikaanza kucheka kwa adabu, ndipo mlango ukafunguliwa.

Mama mkwe.

Hapo mlangoni, ndani ya kiwanda cha bia, na mkoba kwapani. Gesare alisimama wima kama mwanafunzi. Nikageukia ukuta upesi.

Mama mkwe alisema bwakire, salamu ya asubuhi, tukaitikia, ingawa ilikuwa saa nane mchana. Akasema amekuja kuona kilichofanyiwa matofaa yake. Gesare akampa glasi yake ya kutoka kwenye lile pipa. Mama mkwe akanusa kwa muda mrefu. Naelewa. Akaonja. Akaonja tena. Akamaliza. Akasema hiki ndicho alichokiombea, na kama kiliwezekana kwenye pipa hili, kwa nini kilishindikana kwenye mitungi ile?

Akasema matofaa ni yake, na hayatatengenezwa tena bila yeye kuwepo. Juisi itatengenezwa hapa hapa, na yeye atasimamia. Gesare akamwuliza kama kweli atakuja huku, kila siku, na bia iko pale. Mama mkwe akasema atakuja kumwona bintiye. Bia ataigeuzia kisogo.

Halafu akaangalia mahali pa kukaa. Kilikuwepo kimoja.

Nilitaka kupiga kelele. Sikuweza, ni mama mkwe. Alikaa kwenye kiti. Kilizunguka kidogo, akashtuka, kisha akakipenda. Akakizungusha taratibu mpaka mgongo wake ukaelekea mapipa ya bia na uso ukamwelekea Gesare. Gesare alipiga magoti mbele yake, akaweka kichwa kwenye mapaja yake, na wote wawili wakakaa hivyo. Masese alitoka nje. Nilimfuata, vumbi limeniingia machoni.

Uamuzi: saida hakuna. Juisi ya matofaa ipo, chini ya mama mkwe. Mtambo wa Masese utanunuliwa. Nani akalie kiti halina mjadala tena, kwa sababu kiti alichokalia mama mkwe, mimi mkwe nitakikaliaje? Hata Masese anaogopa kukigusa.

Brashi imebaki yangu.

Jumanne, 19 Agosti

Siku ya pili ya kuosha. Mgongo! Mama mkwe ananitazama dirishani kila baada ya muda, na siwezi kunung'unika, siwezi kujitetea, siwezi hata kumtazama. Akisema rudia, narudia. Hakuna adhabu ya kufanana na hii. Kumpa mtu bosi asiyejibiwa mpaka kufa!

Nimetafakari sana juu ya kosa langu. Nimelipata. Lilikuwa matofaa. Nilianza na tunda gumu, wakati Nyamira yote imejaa kitu ambacho hakina gluteni hata kidogo na hakuna aliyefikiria kukisema.

Chai!

Chai ya majani, isiyo na gluteni! Mama mkwe bado ana shamba zuri kule juu. Itabidi nimwombe majani kidogo. Wao kanisani hawanywi chai, kwa hiyo sitasema ni chai. Nitasema ni kinywaji. Lebo nimeshaichora, jani la kijani, herufi kubwa, na chini nimeacha nafasi ya mkasi.

Nimechelewa sasa, wananiita. Mama mkwe anajaza juisi ya harusi ya mpwa wake Jumapili, na anataka mitungi. Mingine yote imeshajaa. Imebaki ile ya njano, Masese alikuwa ameitia mashapo mapya jana. Kuni bado zimelowa. Nimeisuuza mara moja, maji baridi. Inatosha.